Bibi harusi asiyekula nyama anapopanda Mwika



Kuna suala tumekuwa tukiulizwa chini kwa chini, na sasa linaulizwa waziwazi. Mwanamke wa Kiislamu akiacha kula nyama kwa kuwahurumia wanyama, anafanya kosa? Na akiwa anakaribia kuolewa, tena aolewe mbali, kwa watu ambao mgeni haheshimiwi mpaka mbuzi aanguke, afanyeje? Miongoni mwetu tunaoandika hapa wapo wasiokula nyama, na yupo aliyeolewa Mwika, Kilimanjaro. Kwa hiyo mjadala huu tumeufanya jikoni kwetu, wengine tukikuna nazi na wengine tukichambua mchele, na hatukukubaliana katika kila kitu.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kuacha nyama kwa huruma si dhambi, ilimradi mtu asiiharamishe. Na tabu yake kubwa haiko kwenye sahani, iko kwa watu. Nchi hii, uwe Unguja au uwe Moshi, ukikataa kipande cha nyama unaonekana umemkataa aliyekupa.

Tuanze na dini, maana ndiyo fimbo ya kwanza kushikwa. "Unaharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu!" Hilo kila mmoja wetu asiyekula nyama keshaambiwa, mara nyingi na shangazi. Hoja yenyewe ni nzito wala haifai kudharauliwa. Suratul Maida imewakataza waumini kujiharamishia vizuri walivyohalalishiwa, na mwanzo wa Suratut Tahrim unasema na Mtume (S.A.W.) mwenyewe juu ya jambo hilo. Dada anayesema nyama ni haramu, au kwamba kuchinja kwenyewe ni dhulma, huyo kavuka mpaka na arudi. Lakini kutokula si kuharamisha. Mtume (S.A.W.) aliwahi kuwekewa nyama ya dhabbu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Akaondoa mkono, akaeleza kuwa si chakula cha kwao na nafsi yake haikipendi. Khalid bin Walid akakivuta upande wake akala, na Mtume anamtazama. Chakula kimoja, huyu kala na huyu hakula, wala hapana aliyemhukumu mwenziwe. Sisi tunaona kisa hiki kinatosha kumaliza nusu ya ugomvi wa jikoni.

Wala tusivuke upande wa pili tukasema Mtume (S.A.W.) alikuwa mla mboga. Alikula nyama, na mkono wa mbuzi aliupenda. Ila nyumbani kwake, kama alivyosimulia Bi Aisha (R.A.), mwezi uliandama na mwingine ukaandama bila ya moto kuwashwa jikoni, chakula chao tende na maji. Na Sayyidna Umar alionya juu ya kuizoea nyama, akasema ina uraibu kama wa ulevi. Imo katika Muwatta ya Imam Malik. Sisi leo harusi isiyo na biriani ya nyama tunaiita msiba.

Sasa, huruma yenyewe inatoka wapi? Wanaotucheka husema tumeiga Wazungu. Mtu asiende mbali, asimame barabarani asubuhi moja tu. Atawaona kuku wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye usukani wa baskeli, wanapelekwa sokoni na jua linawaka. Ng'ombe na mbuzi wengi tunaowachinja Unguja wametoka bara, wamesimama kwenye lori, kisha wakavushwa bahari, na wakishuka bandarini wengine hata kusimama hawawezi. Kuna mchinjaji anayenoa kisu mbele ya mnyama, na mwingine anamlaza mbuzi pale pale mwenziwe alipochinjwa. Halafu tunasema bismillahi, na yote yaliyotangulia tunayaona yamesafishika.

Hayajasafishika. Hadithi ya Shaddad bin Aws, aliyoipokea Imam Muslim, imetuwajibisha kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Tunawajua wote yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia na njaa. Tunawajua pia waliosamehewa kwa sababu ya mbwa mwenye kiu. Hata sheria ya nchi ipo, maana Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Dada anayeyaona haya akasema, "Mimi mkono wangu nautoa," hakuiga mtu. Kachukua kwa uzito jambo ambalo wengi wetu tunalisoma chuoni na kulisahau bucha.

Na wapo wanaouliza, tena kwa haki: mbona mamilioni hawali nyama kwa kukosa, nyinyi mnaikataa kwa hiari? Nyumba nyingi nyama ni ya Idi, au ya siku ya mgeni. Mwenye kukosa akimwona mwenye kupata anakataa, humwona anajidai. Jibu letu kwa hili ni moja tu: usiifanye hotuba. Kula maharage yako kimya kimya kama wanavyokula wengine.

Haya, tupande mlima. Mwika (msiichanganye na Mweka, kwenye chuo cha wanyamapori) iko upande wa mashariki wa Kilimanjaro. Ukitoka Moshi mjini unapita Himo, unapanda hadi Marangu Mtoni, kisha unashika njia ya Rombo. Mtoto wa Unguja aliyezoea joto na upepo wa bahari anajikuta kwenye ubaridi na migomba pande zote, na mlima kichwani mwake. Familia zinaishi kwenye kihamba, shamba la ukoo ambalo juu kuna miti, chini yake migomba, chini yake kahawa, na pembeni magimbi na mboga. Ng'ombe yumo humo humo, bandani, na majani analetewa. Wapo wanawake wanaoyafuata mbali chini tambarare, wakayapandisha kichwani. Samadi yake inarudi kwenye mgomba, na mgomba uliokwisha zaa unakatwa akapewa yeye.

Tunayaeleza haya kwa sababu yanagusa hoja yenyewe. Ikiwa umeacha nyama kwa ajili ya mateso ya wanyama, ng'ombe wa kihamba si kuku wa kwenye baskeli. Huyu anajulikana jina, na mama mkwe wako ndiye aliyembebea majani miaka minne. Siku moja atakuuliza: "Huyu nimemtesa wapi?" Jibu uwe nalo, na lisiwe jibu la kitabuni. Mwenzetu aliyeolewa huko anasema jibu lake ni kwamba moyo wake umekwishageuka, haubagui tena ng'ombe huyu na yule, na kwamba hamlaumu mtu. Mama mkwe hakuridhika, lakini alinyamaza. Na maziwa ya ng'ombe yule yule mwenzetu anakunywa, jambo ambalo wifi yake halichoki kulikumbusha. Tukubali kwamba wifi ana hoja. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na ndama dume mwisho wake unajulikana.

Kwa Wachagga nyama si kitoweo tu. Mnyama akichinjwa ana ramani yake: kiungo hiki cha mzee, hiki cha mjomba, hiki cha akina mama. Ukipewa fungu lako umeambiwa wewe ni nani katika nyumba ile. Mwezi wa Disemba Wachagga walioko Dar, Arusha na kwingineko wanaporudi nyumbani, nyama ndiyo inayowakutanisha. Bibi harusi mgeni akisema "sili", hajakataa chakula. Kakataa kuwekwa kwenye ramani.

Lipo kubwa zaidi, na hili bibi harusi wa Kiislamu alijue kabla ya kufunga begi. Mwika ni nchi ya Walutheri, chuo chao cha Biblia kiko hapo hapo. Waislamu wapo, na mara nyingi wamo ndani ya ukoo mmoja na Wakristo. Huyu kaka anakwenda msikitini na yule kanisani, kihamba ni kimoja. Nchi yetu imeshapata majeraha kwa sababu ya kisu: mwaka 2013 mzozo wa nani achinje ulifika kumwaga damu ya mtu huko Buseresere, Geita. Familia za mchanganyiko zinaliepuka hilo kwa busara zao za zamani, anaitwa Mwislamu achinje ili wote wale. Huo ni upole mkubwa ambao hauandikwi popote.

Sasa fikiria. Babu kamwita Mwislamu mapema asubuhi, kwa ajili yako wewe, mke mpya kutoka Zanzibar. Mbuzi kachinjwa kwa bismillahi. Sahani inakuja, nawe unaisukuma. Wataelewa nini? Hawatafikiria huruma kwa wanyama. Watafikiri unasema nyama yao si halali, kwamba mikono yao ni najisi kwako. Tayari umekwishakataa mbege, na umekataa kisusio, ile supu yao inayotiwa damu. Hayo wanayajua na wanayaheshimu, ni dini. Hili la tatu halimo katika orodha wanayoijua. Wengine watakuuliza kama umekuwa Msabato, maana Wasabato wameingia jirani huko Upare tangu 1903, na watu wa Kilimanjaro wamezoea kumwona Msabato aliyeacha nyama. Mwislamu aliyeacha nyama hawajamwona.

Ndiyo maana tunasema, na hapa sote tulikubaliana: jambo hili litajwe kabla ya nikaha. Mchumba aambiwe, naye awaambie wazazi wake kwa lugha yao, na aseme neno moja mbele ya mengine yote: halali ni halali, na mchinjaji wenu hatuna shaka naye. Kumficha mume mpaka usiku wa fungate, kisha ukaikataa sahani mbele ya mama yake, ni kumuaibisha. Tunawajua wanawake waliotamani kusubiri "mpaka wanizoee". Watu hawakuzoei kwa jambo wasilolijua. Wanachozoea ni ule uongo wa "tumbo linaniuma leo", na tumbo haliwezi kuuma kila Jumapili.

Kuna ndafu pia. Wanaoolewa mlimani wanaijua: mbuzi mzima aliyechomwa, kapambwa, anaingizwa ukumbini kwa ngoma na vigelegele, na maharusi wanakata vipande wakawalisha wazazi. Wenyewe kwa utani huiita keki ya Kichagga. Maoni yetu ni kwamba bibi harusi asiyekula nyama akate, na awalishe wakwe kwa mkono wake, akitabasamu. Kulisha si kula. Mmoja wetu alipinga sana hapa, akasema ni unafiki kumkata mnyama unayemlilia. Tumemsikia. Lakini mbuzi yule keshakufa, na mzee aliyefunua kinywa mbele ya ukoo mzima akisubiri mkono wa mkwewe ana haki juu yako. Bwana harusi akikulisha wewe, na apitishe tunda au kipande cha keki ya kawaida. Mshereheshaji akiambiwa mapema hapana atakayeshangaa.

Kwa upande wetu wa kisiwani, walima nao una nafasi ya kupumua. Mtume (S.A.W.) alimhimiza Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na walima ya Bi Zainab ilikuwa na mkate na nyama. Lakini walima ya Bi Safiyya, njiani wakirudi kutoka Khaybar, ilikuwa tende, samli na maziwa makavu, vikachanganywa, watu wakala wakatosheka. Walima ni walima pasipo nyama. Anayetaka kupunguza, hata kwa sababu ya gharama, ana pa kuegemea, na akina mama wenye kamati zao za biriani tunaomba mtusikilize.

Mambo ya kila siku ni madogo lakini yanachosha zaidi ya harusi. La kwanza ni pilau ya kutoa nyama. Mwenyeji anakupenda kweli, anachota pilau iliyopikwa kwa supu ya ng'ombe, anaviondoa vipande kwa kijiko, anakuambia, "Haya, yako haina nyama." Ukila, moyo unakusuta. Usipokula, umemvunja. Hatuna jibu moja. Wengi wetu hula mara ya kwanza, halafu tunaomba kuingia jikoni mara ya pili. La pili ni samaki. Kwetu Unguja samaki si nyama, ni kitoweo, na mama zetu wanaona ni kituko binti aliyezaliwa Malindi kumkataa changu. Huko Mwika bahari iko mbali, lakini dagaa hutiwa kwenye mboga bila ya kutajwa. Uliza kabla hujachota. La tatu ni maneno: "Utakonda." "Mume atakimbia." "Nani kakuloga?" Haya yajibu kwa kupika.

Na kupika huko mlimani ni rahisi kuliko unavyodhani, hili ndilo lililotushangaza. Wachagga wana kiburu, ndizi na maharage vikapikwa pamoja mpaka vikashikana, chakula kamili kisicho na nyama hata chembe, na wao wenyewe wanakiheshimu. Ndizi zao ni za kila namna, za kupika, za kuchoma, na za kuivisha. Magimbi yapo, na mtu wa Unguja akiyaona magimbi mwezi wa Ramadhani ana haja gani tena? Yatie tui, hiliki kidogo na chumvi, wapelekee futari. Mwenzetu alipowapikia mbaazi za nazi na mkate wa kumimina, shemeji zake walisahau kuuliza kitoweo kiko wapi. Nazi utazipata masokoni, ila bei yake itakuliza. Mbuzi ya kukunia chukua yako kutoka nyumbani. Ukisema tu "nimekuja na mbuzi wangu" utawachekesha wiki nzima, na ndiye mbuzi pekee utakayekuwa na kazi naye.

Idi ya kuchinja imetugawa. Katika madhehebu yetu ya Shafii udhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo, si faradhi, na kula sehemu ya nyama yake ni sunna vile vile. Wawili kati yetu wanasema mwenye uwezo achinje kwa niaba yake, mnyama atendewe wema, na nyama yote iende kwa mafukara, ambao wengi wao hawajaiona tangu Idi iliyopita. Mwingine anatoa sadaka ya fedha na ya chakula, na anakiri kwamba hiyo ni sadaka, haiitwi udhiya. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Ila kuwazuia watoto na mume wasile kwa sababu wewe huli, hilo hatulikubali. Huruma isiyowafikia wa nyumbani mwako ina kasoro.

Mwisho tuzungumzie uzazi, na hapa tunawaomba muwe makini kuliko kote. Mama aliyejifungua mlimani hutunzwa kama malkia. Hapiki, habebi, na kila siku analetewa supu, maziwa na mtori wa ndizi na nyama ili damu irudi. Hofu ya mama mkwe siyo mila tupu. Upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo la kweli katika nchi yetu, na madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga mwili huyapokea kwa shida kuliko ya nyama. Kwa hiyo usiende kwenye ujauzito kwa ushujaa. Nenda kliniki mapema, useme wazi kwamba huli nyama, upimwe damu, na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi uvimeze kama ulivyoelekezwa. Maharage, choroko, mchicha na mnafu ule pamoja na limau au chungwa, na chai usinywe pamoja na chakula, maana inazuia madini ya chuma. Kama maziwa na mayai unakula, vitamini B12 utaipata humo. Kama umeviacha navyo, huna budi kutumia vidonge vyake, mimea haitakupa. Na daktari akikuambia mwili wako au mtoto anahitaji nyama kwa muda, kula. Hukuwahi kuiharamisha.

Mtori nao unapikika bila nyama. Ndizi zinachemshwa mpaka zilainike, zinapondwa kwa kitunguu na karoti, kisha yanatiwa maziwa na siagi. Mfundishe mama mkwe mapema, wakati mimba ingali changa na hapana aliyechoka, umwache aonje na aongeze chumvi anavyotaka yeye. Akishauita wake, atakuletea kitandani kila asubuhi bila ya kuuliza.